Kishale Kilichotembea Chenyewe

Kishale cha kompyuta kilitembea chenyewe. Mama Picha, mkuu wa chumba cha eksrei, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani, kikombe cha chai mkononi. Alikiona kikikatiza kioo cha kompyuta, kikafungua picha ya figo za fundi mwashi aliyelazwa wodi ya tatu, kikafuta pembeni herufi K, alama ya kulia, na kuweka S, ya kushoto. Kulia ikawa kushoto. Kisha kikatulia tuli, kama si chenyewe.

Fundi mwashi huyo alikuwa atolewe figo moja mbovu saa nne asubuhi ileile.

Mama Picha aliita polisi, na Inspekta alifika saa mbili kasorobo na fundi wa kompyuta wa polisi. Mama Picha alishanyoosha mkono kuizima mashine. Fundi akamzuia. Alichomoa waya wa mtandao tu, akaeleza kwamba ukishuku umedukuliwa, kwanza mkatie mgeni njia; usizime wala usifute kitu, maana utafagia nyayo zake. Neno la siri wangelibadilisha baadaye, kwenye mashine nyingine iliyo safi.

Inspekta alimwomba daktari wa upasuaji asubiri, akaagiza mgonjwa apigwe picha upya kwa mashine kuukuu ya wodini, isiyojua mtandao ni nini.

Fundi wa polisi akaanza kusoma kumbukumbu za kompyuta. Inspekta aliinama kutazama, akasahau hata kukaa. Mashine ilikuwa imeandika kila aliyeingia, dakika kwa dakika, kwa miaka minne, bila kuombwa na mtu. Na mgeni alikuwamo kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata sikukuu. Hakunakili kitu. Alitazama picha, akaondoka.

"Mwizi gani huyu anayewahi kazini kuliko wenye kazi?" alinong'ona Inspekta.

Mama Picha alikuwa anaangalia sakafu.

"Neno la siri alilitunga nani?"

"Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Yuko wapi?"

"Alistaafu. Miaka minne sasa."

"Na hamkulibadilisha?"

"Neno lake, afande. Tuliona kulibadilisha ni kama kumfukuza."

Walimkuta Mwalimu nyumbani, ameketi wima mbele ya kompyuta yake, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Aliwakaribisha viti.

"Umeingia kwenye kompyuta ya hospitali?"

"Nimeingia."

"Ukabadilisha picha?"

"Herufi tu. Kivuli cha ini kilikuwa upande ambao ini halikai. Picha iliingizwa kinyume. Wangemtoa figo nzima, wakamwachia mbovu."

"Si ungepiga simu, Baba?"

"Wangeniuliza nimejuaje. Wangenifungia mlango." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Miaka kumi na moja iliyopita, herufi hiyohiyo niliikosea mimi. Mama mmoja akatolewa figo nzima. Hakuishi. Wakasema bahati mbaya, wakanipa na pole. Tangu siku hiyo nazikagua zote, moja moja, kabla zamu haijaanza. Barua ya kustaafu haikunipunguzia hilo."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa Mama Picha.

"Picha mpya imetoka. Mbovu ni ya kushoto, afande. Herufi ile ya K niliiweka mimi."

Inspekta alikata simu, akamgeukia mzee yule. Maelfu ya picha, macho mawili, na hakuna aliyejua.

"Na kama leo ungekosea wewe?"

Mwalimu akanyoosha mikono afungwe pingu.

Walipitia hospitalini kuchukua maelezo. Fundi mwashi alikwishaingizwa chumba cha upasuaji. Mama Picha alikaa mbele ya kompyuta safi kuandika neno jipya la siri, vidole vikasita juu ya herufi.

Mwalimu, pingu mikononi, akageukia ukutani bila kuambiwa, akangoja mpaka amalize.