Fungu la Asiyekuwepo

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipokwenda stoo kuchota unga. Nilivuta mlango, nondo wakanipiga usoni.

Si mmoja, si wawili. Wadogo, wa rangi ya majivu, wakaning'ang'ania nywele. Nikafungua mfuko wangu wa unga nikakuta utando, na ndani yake viwavi wanajinyonganyonga. Mfuko mzima! Nilitukana matusi ambayo fundi cherehani mwenye heshima zake hapaswi kuyajua.

Nyumba ile tulikuwa wanawake watatu: mimi, wifi yangu na mama mkwe. Stoo moja, kila mtu na rafu yake. Wifi akadai wadudu wametoka kwangu. Nikamwambia maharage yake yana matundu kuliko chekecheke. Tulipochoka kuchambana tukashika kazi: tukatupa vilivyoharibika, tukasugua rafu kwa siki, tukachemsha mikebe yote.

Siku ya tatu wakarudi.

Mimi nilijua wanakotoka. Kwenye rafu ya juu palikuwa na kopo la bati la mama mkwe, kifuniko chake kimepinda. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa ametoweka na lori lake miezi saba. Kila jioni, kabla hatujapika, mama yake alitia konzi moja ya unga ndani ya kopo lile. Lilikuwa fungu la mwanawe. "Maadamu anawekewa, yuko hai," alisema. "Msilifungue. Msilimwage." Polisi walishachoka kumtafuta. Nami, nisiwe mnafiki, nilishaanza kukata tamaa, na kopo lile lilikuwa linanichoma roho kila nikiliona.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa bafuni. Nikapanda kiti.

"Wifi, acha," wifi alininong'oneza. "Mama atatuua."

"Na hawa wadudu watatumaliza kwa njaa. Shika kiti."

Nikalibeba kopo hadi uani, kwenye jiko la mkaa lililokwisha kukolea. Nikafungua.

Nondo walikuwa wametanda juu ya unga. Hawakuruka. Walinigeuzia vichwa, wote kwa pamoja.

Nikawapangusa, nikaingiza mkono.

Unga ulikuwa na joto...

Joto la mtu aliyelala. Kisha harufu ikapanda: dizeli, na jasho ambalo nimelala nalo miaka tisa. Lilikuwa jasho la mume wangu. Nikaogopa, na mwoga hana akili. Badala ya kufunika, nikalipindua kopo juu ya mkaa.

Tsss...

Chini ya mlio huo nikasikia mwingine, mdogo, wa mtu anayeng'ata nguo asipige kelele.

"Umemwaga kiasi gani?"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, na taulo, maji yanamtiririka. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nusu, mama."

Alilichukua kopo, akalifunika, akalikumbatia kifuani. "Mwanangu," akasema, na hakuwa anasema na mimi.

Mkaa haujazimika, simu yangu ikaita. Alikuwa muuguzi wa hospitali ya mbali.

"Wewe ni mke wa dereva? Ameokotwa kando ya barabara sasa hivi. Yu hai. Lakini upande wa kushoto ameungua vibaya." Akashusha sauti. "Ila dada... shati lake halina hata alama ya moto."

Nililia kwa furaha. Naona haya kusema, lakini furaha ilitangulia, hofu ikafuata nyuma.

Sasa yuko nyumbani. Anakaa sebuleni, anakula kidogo, anacheka mizaha ya dada yake. Nilimuuliza hiyo miezi saba alikuwa anakula wapi. "Kwa mama," akajibu, akashangaa kwamba nauliza. Mama mkwe bado anatia konzi yake kila jioni. Nami sasa ndiye ninayemshikia kifuniko.

Lakini kuna wale nondo. Walikula kutoka kwenye kopo lile miezi saba, na sasa wameenea nyumba nzima. Wiki iliyopita wifi alimpiga mmoja kwa kandambili jikoni. Sebuleni mume wangu akashika sikio, akauliza nani amemzaba kofi. Hadi leo sikio hilo halisikii.

Tangu siku hiyo hatuui. Tumeziba matundu ya milango kwa vitambaa nilivyoshona mwenyewe, na madirisha tumeyafunga asitoke hata mmoja, joto litupike tu. Mmoja akitua ukutani tunapita kwa kunyata, wanawake watatu wazima, tumebana pumzi.

Jana jioni wifi alisahau dirisha la chooni. Niliingia nikamwona mmoja ukingoni. Nikanyoosha kiganja polepole... akaruka nje, akaenda zake.

Leo asubuhi nilimpelekea mume wangu chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama kwa upole.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Samahani, wewe ni nani hapa?"