Mita Kumi Kutoka Majini

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa kipimo. Jumanne Sébastien alipima kutoka ukingo wa ziwa hadi ukuta wa salon, sebule yake mpya, akapata mita kumi kamili, vile autorisation de bâtir, ruhusa ya kujenga, ilivyotaka. Alhamisi akapima tena: tisa. Kijiti walichopigilia mahali maji yanapoishia kilikuwa palepale. Ziwa halikusogea. Ukuta haukusogea.

"Décamètre, kamba ya kupimia, imevutika," akasema.

"Ao wewe njo umekunywa," akajibu mke wake Josiane. Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka siku ile.

Sébastien anauza mbao za Walikale pale Sake. Miaka miwili alifukuzia ile karatasi, bureau kwa bureau, mpaka ikapata mihuri, cachet tatu. Cachet tatu, na hakuna hata chef mmoja wa bureau aliyeuliza nani analala chini ya udongo wa hiyo parcelle. Sheria ya ukingo inajua maji. Watu haiwajui.

Kabla ukuta haujasimama, aliyetumwa kupima alikuwa Athanase, agent wa bureau, mtoto wa hapohapo Masisi, aliyesoma mpaka akasahau kwao. Alishuka na viatu safi na farde ya karatasi kwapani. Pale ambapo ukuta ungesimama akakuta mti mmoja wa muhati, majani marefu, umri wa miaka michache.

"Hii mupaka ni ya nani?"

"Benyewe balikimbia vita, chef," akasema muashi.

"Mupaka bila mwenyewe haiko mupaka. Ng'oeni. Procédure njo ile."

Kweli, Masisi yote inapanda mihati kwenye mipaka ya shamba. Lakini mihati ya mpaka inasimama kwa mstari, mmoja unamuona mwenzake. Ule ulikuwa peke yake. Bibi yake Athanase angeona, angerudi nyuma, angevua viatu. Athanase aliona mpaka, akaandika kwenye procès-verbal, ripoti yake: terrain libre, kiwanja hakina mtu.

Muhati ukang'olewa, ukuta ukasimama, Sébastien na watu wake wakahamia. Wiki ya kwanza salon ikanuka nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Ukuta wa upande wa ziwa ukawa unalowa, si juu, si chini, ila pale ambapo bega la mtoto lingeegemea. Sébastien akaleta ciment nyingine. Kila akipima alipata pungufu: nane, saba, sita. Akaacha kusema namba kwa sauti.

Binti yao Agathe, wa miaka sita, ndiye aliyesema. Ilikuwa saa sita, jua kali, Josiane anasonga bugali.

"Mama, kale katoto kamefika tena."

"Katoto gani?"

"Kale kanahesabunga. Zamani kalikuwa kanafika kumi njo kanagonga ukuta. Leo kamegonga kwa tano." Akalamba kidole. "Kanasema ikibakia moja, tutaenda naye kuoga."

Josiane akaacha mwiko ndani ya sufuria.

Jumamosi mvua ilianguka mchana, ile mvua ya milimani inayofunga macho, na Josiane, aliyekuwa anaanua nguo, akasikia sauti nyembamba chini ya ngurumo ikisema moja, mara moja tu, na baada yake kimya, hakuna kugonga, hakuna mbili, na akajua kabla ya kugeuka kwamba mlango uko wazi, akakimbia na kitenge kikimfunga miguu, akamwona Agathe ndani ya ziwa, maji kifuani, anakwenda polepole bila kuogopa, mkono wake mmoja umeinuliwa pembeni kama mkono wa mtoto aliyeshikwa na mwenzake.

Alimtoa. Vidole vya ule mkono vilibaki baridi, licha ya homa iliyochoma mwili mzima.

Kesho yake akauliza sokoni, marché nzima ya Sake, ule muhati ulikuwa wa nani. Wakamwonyesha Emérita, mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, aliyerudi juzi kutoka kambi ya wakimbizi. Emérita alipofika na kuona ukuta, alikaa chini kwenye matope.

"Elodie," akasema. "Alikuwa na miaka sita. Alikuwa anachota maji na kabidon kake, anahesabu hatua mpaka ku mulango yetu. Kumi. Ziwa ikamukamata. Muntu aliyekufa ku maji habebwe ku nyumba, anazikwa karibu na maji, tunamupandia muhati ku kichwa, ajue hapa njo anaishiaka. Mumeng'oa. Sasa anatafuta mulango."

"Mumufukuze, Mama," akanong'ona Sébastien. "Tafadhali."

"Unaniomba nifukuze mutoto yangu?"

Josiane akapiga magoti na Agathe mikononi. Emérita akamtazama yule mtoto, muda mrefu.

"Vunja salon kwanza."

"Mama, niko na autorisation!"

"Basi muonyeshe yeye."

Sébastien akachukua nyundo mwenyewe. Jioni, jua likiwa bado juu ya mlima, Emérita akachomeka tawi jipya la muhati kati ya vifusi. Maji yakatikisika kidogo, na sauti nyembamba ikaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu.

"Elodie, simama hapo," akasema Emérita, na sauti yake ilikuwa ya mama anayegombeza. "Mulango iliisha. Kwetu hakuna tena. Rudi ku maji."

Halafu, karibu kabisa:

"Mama?"

Mfu akikuita na ukaitika, anakuja. Emérita aliuma kitenge chake mpaka damu ikatoka mdomoni, na hakuitika.

Agathe alipona. Athanase alirudi, akapima mpaka kwenye chumba kilichobaki, akaandika: conforme, inafuata sheria. Akapiga picha ya tawi pia, hakuna aliyejua kwa nini.

Na kila siku ya marché, Emérita anashuka na sombe yake kichwani, anasimama penye muhati, anahesabu kwa sauti kutoka majini. Moja mpaka kumi, polepole, akingoja baada ya kila namba. Ziwa linanyamaza, kama mtoto aliyegombezwa na mama yake.