Damu Iliyoonekana Ndani ya Jicho la Bibi Kornelia

"Mashine imemwona. Damu imejaa hadi nyuma ya jicho!"

Violeth aliyasikia maneno hayo kisimani, hapa kijijini Dutwa. Alibeba ndoo yake akaondoka, lakini maneno yakamfuata hadi nyumbani. Aliyesemwa ni mama mkwe wake, Bibi Kornelia.

Jana yake wataalamu wa macho walifika zahanati. Walitaka watu wenye macho mazima, wake kwa waume, vijana kwa wazee, wawapige picha ya damu inavyopita ndani ya jicho. Bibi Kornelia naye alikwenda. Picha yake ilitokea kwenye kioo cha mashine, nyekundu tupu. Jirani yao Masalu alikuwa mlangoni, akaiona. Ndama wake walikuwa wanakufa wiki ile. Akatoka akitangaza kuwa bibi ni mchawi, bila kuuliza.

Violeth aliogopa. Kijiji cha pili bibi mmoja alikwishauawa kwa mapanga, akiitwa mchawi, kisa macho mekundu. Na ya Bibi Kornelia yalikuwa mekundu hata kwa nje. Basi akamficha mama mkwe jikoni, akarudisha mlango.

"Unanifungia kama kuku anayeatamia?" bibi akauliza, akikohoa. Mafigani mabua ya pamba yalikuwa yanafuka moshi.

"Kaa tu, mayu, mama yangu. Watu wamechafuka."

Kumbe kuficha ndiko kulikochochea moto. "Kama hana neno, mbona haonekani?" watu wakaulizana. Asubuhi moja Violeth alikuta mlango wa jiko umepasuliwa kwa panga. Bibi alikuwa ndani, amejikunja nyuma ya mafiga.

Violeth akamshika mkono. Wakapita katikati ya kijiji, jua linawaka, hadi zahanati. Watu wakawafuata, Masalu mbele.

Mmoja wa wale wataalamu wa macho, Scola, alikuwa bado yupo, akasikiliza yote. Kisha akamgeukia Masalu. "Baba, kaa hapa. Weka kidevu. Usipepese."

Picha ikatokea. Nyekundu vilevile.

"Hiyo ya nani?" Masalu akauliza.

"Yako. Haya, na wewe tukuiteje?"

Watu wakaangua kicheko. Masalu hakucheka.

"Kila jicho lina mishipa ya damu kwa nyuma," Scola akaeleza. "Damu isipopita, jicho linakufa. Mtu akizeeka, damu hiyo kwa kawaida hupungua kasi. Mwanamke na mwanaume nao huenda wakatofautiana. Tunawapima wazima tujue hali ya kawaida ya kila rika, ili mgonjwa tumtambue mapema. Uchawi mashine hii haiujui."

"Na wekundu wa nje?" Violeth akauliza.

"Moshi wa jikoni, mama. Nawe ndimo ulimomfungia."

Violeth aliinamisha kichwa.

Siku hiyo alitoa taarifa polisi. Mafiga akayahamishia uani, na wekundu ukaanza kupungua. Masalu alimwita bwana mifugo, akaambiwa ndama wameuawa na ndigana, ugonjwa wa kupe. Alikuja kuomba radhi. Bibi Kornelia aliitikia salamu yake, lakini mpaka leo hakai mahali akiwapa watu mgongo.

Wewe unayesoma, haya uyaepuke:

Usitangaze picha ya jicho la mwenzako. Muulize aliyepima.

Usimwite mtu mchawi kwa macho mekundu.

Usipikie ndani pasipo na pa kutokea moshi, wala usimkalishe mzee humo.

Mfugo ukifa, usitafute bibi wa kumlaumu. Mwite bwana mifugo.

Usimfiche anayetishiwa ukanyamaza. Nenda polisi leo. Usingoje kukuche.