Mashine Iliyomfuata Mgeni Rasmi

Kila alipotoka shule, kabla hata hajavua sare, Evarista alipitia uani kuitazama mashine ya kufulia ya mjomba wake. Haikuwa mashine ya kujivunia. Ilikuwa kuukuu, nzito, imeliwa na kutu mbavuni, na siku ilipoletwa nyumbani kwao Kikuyu, mjini Dodoma, panya na watoto wake walikuwa wamehamia ndani ya pipa lake. Mjomba Yotham aliipata Ihumwa, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikibomolewa. Wanaume wengine wakitoka kazini hucheza bao. Yeye, karani wa masijala, alipumzika kwa kufufua vitu ambavyo wenye navyo walishavikatia tamaa. Redio zake ziliongea, pasi zake zilipata moto, na saa yake ya ukutani ilitembea, ingawa kwa majira yake yenyewe.

Aliyechoka ni Ruthu, mama yake Evarista, ambaye sasa alipita ubavu ubavu kila alipotaka kuanika nguo.

"Yotham mdogo wangu," alisema asubuhi moja, "Jumamosi hii lidude lako lisipofua nguo, Habibu atakuja kulichukua."

Habibu alinunua chuma chakavu, na alishaanza kupita pale getini akiisalimia ile mashine kwa macho ya upendo.

Evarista ndiye aliyekuwa fundi msaidizi, japo mama alionya kwamba mtoto asiyeweza kutunza soksi zikabaki jozi hawezi kutunza skrubu. Mjomba alimpa sheria moja tu: kila kinachotoka kwenye mashine kilale juu ya gunia, na kisiondoke hapo bila yeye kuulizwa. Evarista alisugua kutu mpaka kucha zikawa za rangi ya udongo, na akajiona fundi kamili.

Siku moja mjomba akiwa kazini, alichungulia ndani na kuona bonge la zege limefungwa kwa nati juu ya pipa. Alicheka peke yake. Mashine ya Ulaya itawekwaje jiwe? Bila shaka ni mwashi fulani wa kule Ihumwa aliyeziba pengo kwa kilichokuwa karibu. Alichukua spana akalifungua. Wakati huohuo, ng'ambo ya uzio, Mama Salma alikuwa akigombana na upepo uliotaka kuondoka na turubai alilokuwa ameanikia majani ya mlenda. Evarista akampitishia lile bonge, likakandamiza turubai vizuri sana, naye akarudi na dua za jirani, akiamini ameipunguzia mashine mzigo na kutenda wema kwa mkupuo mmoja.

Jioni mjomba alishika kifuniko cha juu tayari kukifunga. "Kila kilichotoka kimerudi?" aliuliza.

Evarista aliikumbuka ile sheria. Akisema ukweli, ufundi wake ungeishia hapo hapo. "Kimerudi, mjomba," alijibu.

Mjomba hakuchungulia ndani, kwa sababu alimwamini. Alikaza skrubu huku akipiga mluzi, na kila skrubu ilipozunguka Evarista alizidi kukosa raha.

Jumamosi ilipofika, mjomba hakukubali kuwasha mashine hivi hivi. Mtu wa ofisini akae Dodoma, kila wiki aone majengo na visima vikizinduliwa, halafu yeye aibonyeze tu swichi? Alifunga utepe wa kitenge, akapanga viti vya plastiki, na akamwalika Mzee Nurdini, mwenyekiti wa mtaa, awe mgeni rasmi. Mzee alileta kanzu yake iliyojaa vumbi jekundu, akahutubia juu ya maendeleo mpaka watoto wakasinzia, kisha akakata utepe.

Mashine ilianza kwa adabu. Ilitoa povu, ikageuza kanzu huku na huku, watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya kukamua. Kwanza iliguna, kisha ikatetemeka, kisha ikaondoka pale ilipowekwa na kumwendea mgeni rasmi. Mzee Nurdini alirudi kinyumenyume, kiti amekikinga mbele, akiendelea kusema "hongereni sana" kwa sauti iliyozidi kuwa nyembamba. Mashine ilimfuata mpaka waya ukakazika, plagi ikachomoka, na yote yakanyamaza. Halafu uani pote pakalipuka kicheko.

Mjomba peke yake hakucheka. Alimwomba mzee radhi, akawaambia watu kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ni karani tu na alijitia ufundi asiouweza. Habibu akasogeza mkokoteni. Mama, aliyeingojea siku hiyo kwa hamu, alimtazama mdogo wake, na ile hamu ikamwisha. Evarista alisikia aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mjomba, usimpe," alisema. "Kosa si lako. Juu ya pipa kulikuwa na jiwe, nililitoa mimi. Uliponiuliza nikasema kila kitu kimerudi, na haikuwa kweli."

"Liko wapi?"

"Linashikilia mlenda wa Mama Salma."

Watu wote waligeukia uzio. Mama Salma, aliyekuwa miongoni mwa wageni, aliuliza mlenda wake utashikiliwa na nani, lakini alikwenda. Alipoliinua tu lile jiwe, upepo ukapata ulichokuwa ukikitafuta. Turubai liliruka, na majani makavu yakawamwagikia wageni wote. Mzee Nurdini aliyatoa kwenye kofia kwa heshima zote.

Mjomba alilifunga jiwe mahali pake, akieleza kwamba pipa likizunguka kwa kasi na nguo mbichi hutaka kuruka, na uzito ule ndio unaolituliza. Mashine ilipowashwa tena ilitikisika kidogo, ikabaki ilipo. Kanzu ikatoka nyeupe, mama akaianika mwenyewe, na Habibu akaambulia chai.

Wageni walipoondoka, Evarista alisogea kungoja hukumu yake.

"Kutoa jiwe kulikuwa kutojua," mjomba alisema, "na asiyejua hufundishwa. Mimi mwenyewe nilipoliona mara ya kwanza nilimlaumu mwashi. Lakini kile kifuniko nilikifunga kwa neno lako. Neno la mwenzako likiwa la uongo, kazi yote mliyofanya pamoja haina maana."

"Kwa hiyo umenifukuza?"

"Sijakufukuza. Umesema ukweli mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyekulazimisha. Fundi wa namna hiyo namtaka. Ila kuanzia leo nitakuwa nachungulia ndani kabla ya kufunga, mpaka utakaponifanya nione sina haja."

Evarista alitamani angechapwa tu yakaisha. Machozi yalimlenga, lakini akaona kwamba ni haki.

"Chungulia tu, mjomba," alisema, akachukua ungo na kwenda kumwokotea Mama Salma mlenda wake.