Aliyeonwa na Joram Peke Yake

Picha ilikataa kukauka. Joram Obiero aliianika asubuhi katika stoo yake ya kuoshea picha, pale Kaloleni, na hadi alasiri, bati likiwa linalia kwa joto, picha nyingine zilikuwa zimejikunja kwa ukavu huku hiyo moja ikidondosha maji. Chini yake palikuwa na kidimbwi. Joram alichovya kidole akanusa. Maji hayakunuka dawa ya kuoshea picha. Yalinuka ziwa, tope na samaki aliyesahaulika juani.

Tuseme ukweli mapema, msije mkamhurumia Joram kabla ya wakati. Picha ile aliipiga ufukweni karibu na Kisian, jua likichomoza, mwaka wa tisini na sita, magugumaji yalipokuwa yamelifunika ziwa mpaka mtu angedhani ni shamba. Katikati ya magugu, uso ukitazama juu, ilielea maiti ya mwanamume aliyezama, na maua ya zambarau yamemzunguka. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Kwao Joram, anayeikuta maiti hupiga nduru kwanza, watu waje mbio, wamwone marehemu, wamlilie. Joram alipiga picha kwanza. Kisha upepo ukayasukuma magugu, maiti ikaenda nayo, na bwana mkubwa Joram akapanda baiskeli akijiambia kwamba wengine watamkuta. Hakuna aliyemkuta.

Kazi yake ilikuwa picha za vitambulisho na harusi, na hizo zilikuwa za wenyewe. Zile alizozipenda alizifungia katika sanduku la bati, asimwonyeshe mtu, hata mkewe. Benta alimcheka.

"Obiero, picha isiyoonwa na mtu ni ya kazi gani? Ni kama kupika ugali ufunike mpaka ioze."

"Mtu akiimba bafuni, si ameimba, Nyar Alego?" Alipenda kumwita hivyo, binti wa Alego, kwa kuwa alizaliwa huko.

"Ameimba. Lakini huyo haingizi watu wengine bafuni bila kuwauliza."

Joram alicheka. Na wiki hiyohiyo alimpiga Benta picha bila kumwambia, akichana nywele dirishani. Hakuwahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo. Aliitundika kwenye kamba ileile, kando ya yule aliyezama, akasimama kuitazama peke yake, na furaha ikamjaa kifuani. Kesho yake picha ya Benta nayo ilikuwa inadondosha maji.

Aliingia stoo mchana kuzitoa zote mbili. Alifunga mlango kwa mazoea, akawasha taa nyekundu, na hapo akasikia nyuma yake kitu kikipumua, si kupumua kwa mtu hai, bali kwa mtu aliyejaa maji, pumzi ikipanda kwa mvumo na kushuka kwa gugumo, na harufu ya tope ikamjia shingoni kwa ubaridi, na akajua bila kugeuka kwamba mwenye pumzi ile hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akizitazama picha juu ya bega lake, taratibu, moja baada ya nyingine, na kwamba alipofika ya Benta alisimama hapo, akasimama sana, mpaka Joram akaupata mlango kwa kupapasa na kuangukia uani kwenye jua.

Jioni Benta alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu.

"Mama Seline nimemsalimia mpaka nimechoka. Ananipita tu," alisema. "Na yule muuza samaki wa omena, nimesimama mbele yake, anahudumia watu wa nyuma yangu."

"Labda wamekosana na wewe."

"Wote?"

Jumapili Benta alirudi kutoka kanisani mapema, akaongea kwa sauti ya chini. "Mama mmoja alinikalia. Alinikalia, Obiero, kama mimi ni benchi. Halafu akasema hiyo kiti iko na baridi."

Oduor, kaka yake Benta, alikuja kutoka Alego akawakuta wamekaa mezani wawili. Akauliza, "Shemeji, dada yangu ako wapi?" Benta alimshika mkono. Oduor aliufuta mkono kwenye suruali, kama mtu aliyemwagikiwa na maji, akaendelea kumngojea Joram ajibu. Joram alimwonyesha Benta kwa kidole, na Oduor akamtazama Joram kwa woga.

Ndipo Joram alipomwendea Mama Dorca wa Mamboleo, mama wa maombi mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani. Mama Dorca alifika mlangoni pa stoo akagoma kuingia.

"Mlimlilia?" aliuliza.

"Nani, Mama?"

"Huyu mwenye anadondosha maji. Waswahili wa msikitini wataita jini. Sisi tunaita jachien, mzimu wa mfu mwenye kinyongo. Wewe ulimwona peke yako ukanyamaza, sasa anakaa mahali wewe tu unaweza kuona. Huko ni baridi, Joram. Alitaka mwenzake, na wewe ukamtundikia bibi yako hapo kando."

"Nifanye nini?"

"Toa hizo picha nje. Watu waone, wamlilie."

Benta alikuwa amemshika kanzu, analia. Mama Dorca hakugeuka hata mara moja.

Joram alizitoa picha uani akaita majirani. Walizipitisha mkono kwa mkono.

"Yawa, hii ni maji na majani tu," alisema Mama Seline. "Na hii nyingine ni dirisha."

"Angalieni vizuri. Naomba muangalie."

"Tumeangalia, Bwana Joram. Hakuna mtu hapa."

Basi akapiga nduru yeye mwenyewe, nduru iliyochelewa, mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeipokea. Wanaume walimshika mikono wakamketisha kivulini, wakanong'onezana kwamba kupotelewa na mke kumemvuruga akili.

Kwa kuwa Joram hakuacha kutaja ziwa, wavuvi walivuta nyavu kumtafuta Benta, wakakata magugu kwa mapanga, hawakupata kitu. Wazee wakaamua kuwa ziwa limemchukua Benta. Na kwao mwili usipopatikana mtu haachwi hivihivi. Huchuma tunda la yago, yaani mwegea, lile refu zito, hulivisha sanda na kulizika badala ya mwili. La Benta walilizika nyumbani kwa kina Joram, Kisian. Benta alisimama ukingoni mwa kaburi lake akimwita mama yake kwa jina, karibu kabisa na sikio, na mama yake akajitanda leso vizuri zaidi akilalamikia upepo. Joram alitamani kaburi limmeze yeye.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, Joram na Benta walibaki chumbani, jua bado kali nje. Joram hakuwa amelala tangu matanga yaanze.

"Obiero," Benta alisema, "ukilala, unajua mimi huwa wapi?"

"Si hapa kando yangu."

"Hapana. Ukifunga macho niko ndani ya maji. Na yeye ako huko, amenishika mkono. Ukiamka ndio ananiachilia. Lakini kila ukilala anachelewa zaidi kuniachilia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka."

Joram alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakigusana, akaapa hatalala. Alimpenda mwanamke yule kuliko alivyowahi kumwambia. Alimkazia macho, yeye ambaye aliwahi kuamini kuwa jicho moja linatosha, na machozi yakamwasha hadi akapepesa. Nywele za Benta zilikuwa zimelowa. Alipepesa tena, na gugu lilikuwa limemzunguka shingo, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye viwiko.

"Niangalie," Benta alisema kwa upole. "Niangalie tu."

Alimwangalia. Uani kuku walikuwa wakiparua udongo mpya wa kaburi, joto limetulia chumbani, na kope za Joram zilikuwa zinashuka.