Mbwa Aliyemfaa Ruthi

Kwanza apa. Sema, haya hayatoki mdomoni mwangu. Usiape kwa mama yako, yule ameshaapiwa mno. Apa kwa tumbo lako mwenyewe, livimbe ukisema. Umeapa? Vyema. Na aliyenisimulia mimi aliniapisha hivyo hivyo, na tumbo langu si hili unaliona lilivyo. Haya, sikia.

Ilikuwa miaka ile ya mkonge. Jioni moja, jua limeshaelemea, Benedikta na mumewe Luka walitoka kambini, kwenye shamba moja nje ya mji wa Tanga, kwenda kuchukua mbwa. Luka alikuwa nyapara wa wakataji. Watoto wa kambi walipita katikati ya mkonge kwenda kisimani, na nyoka walikuwa tele. Akasema binti yao Ruthi lazima apate mbwa wa kumtangulia njiani.

Benedikta alimfuata tu. Angesema nini? Kwamba mbwa huona tusiyoyaona watu?

Mwanamkasi, muuza mayai, alikuwa barazani kwake.

"Mama Ruthi! Nasikia mnaleta mbwa. Akitia pua kwenye chungu changu, nitamkalisha mumeo akioshe kwa udongo mara saba, unyapara wake auache mlangoni!"

Luka akacheka. Benedikta alicheka kidogo, macho chini. Yai la jioni ile alikuwa ameshalinunua kwa Mwanamkasi. Kila siku alinunua moja. Na hakuna aliyewahi kuona mtu wa nyumba ile akila yai.

Sasa hapa ndipo siri yenyewe ilipo, sogea.

Kabla ya Ruthi, Benedikta alizaa akazika, akazaa akazika. Mwishowe alidanganya kwamba anakwenda kwa dada yake, akashuka mpaka Mkwaja kwa bibi mmoja. Bibi yule alimpa mlezi. Mlezi haonekani. Hubebwa mgongoni, na mtoto wa nyumba hafi. "Ila umpe yai bichi kila magharibi," bibi alimwambia, "ndani ya kifuu, nyuma ya nyumba. Akilala njaa, atajitafutia."

Ruthi akazaliwa, akanawiri. Kisha Benedikta akashikwa na homa, yai likasahaulika jioni moja tu. Alfajiri, mtoto mchanga wa jirani yake Beatrisi alikutwa amekufa. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa mweupe tu, kama kitambaa kilichokamuliwa.

Benedikta ndiye aliyemwosha. Alilia kuliko mama mwenyewe.

Basi walifika kwa Mzee Asheri, mlinzi wa kiwanda cha kusaga mkonge. Jike lake lilikuwa limezaa, na wanawe walishaachishwa ziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbwa wa watoto hachaguliwi kwa meno," Asheri akasema. "Mvute sikio. Mkanyage mkia kidogo. Mnyang'anye mfupa mdomoni. Akivumilia, mchukue, hata awe na sura mbaya kama yangu."

Luka alimpenda dume mweusi. Lakini dume yule alipomwona Benedikta, manyoya yalimsimama. Hakumtazama usoni. Alitazama juu ya bega lake. Akaunguruma...

"Huyu ataning'atia mtoto," Benedikta akasema upesi.

Alibaki jike wa rangi ya kahawia, macho majimaji. Luka alimvuta sikio, kimya. Alimkanyaga mkia, kimya. Alimnyang'anya mfupa, mbwa akamlamba mkono. Kisha naye akatazama juu ya bega la Benedikta, akalala chini, akatoa machozi. Hakubweka.

"Huyu," Benedikta akasema. "Huyu ndiye wa watoto."

"Ana matongotongo," Asheri akaonya. "Mtoto asimfute macho kisha akajipangusa yake."

"Ataumwa macho?"

"Wala." Mzee alishusha sauti. "Ataona ya kwao."

Walimjaribu kwa yote, yule mbwa. Kwa yai tu hakuna aliyemjaribu.

Ruthi alimwita Tulia. Alimpanda mgongoni, alimvisha kilemba cha kanga, alimlalia tumboni. Tulia alivumilia yote. Benedikta alipumua. Kila magharibi alitega yai kwenye kifuu, kila asubuhi kifuu kilikuwa kitupu, kama siku zote.

Ila mgongo ulianza kuwa mzito.

Mzito kama umebeba mtoto aliyelala. Ndani ya nyumba kukawa na harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha. Akiinama kupuliza moto, alisikia shingoni kitu kikinyonya hewa... nch... nch... nch...

Jioni moja Ruthi alikuwa mlangoni na Tulia. Alikuwa akimfuta macho kwa vidole vyake. Kisha akajikuna jicho lake.

Akatazama juu ya bega la mama yake.

"Mama."

"Nini?"

"Umembeba mtoto wa nani?"

Benedikta hakuwa amebeba mtu.

"Ana meno, mama."

Benedikta alikimbia nyuma ya nyumba kama anayefukuzwa. Kifuu kilikuwa kitupu. Kando yake Tulia, aliyeponyoka mlangoni akamtangulia, alikuwa akitikisa mkia, pua yake imejaa kiini cha yai.

Siku zote zile mbwa ndiye aliyekula, mlezi akibakiziwa ute tu. Mlezi alikuwa na njaa.

Kesho yake Ruthi hakuinuka kitandani. Hakuwa na homa. Alikuwa baridi, na midomo yake ilinuka maziwa yaliyochacha. Benedikta alimfunga mbwa kamba, akatega yai. Halikuguswa. Akatega jingine. Halikuguswa. Mlezi alishaonja kingine.

Hapo alikumbuka neno la mwisho la bibi wa Mkwaja, lile ambalo aliomba asije akalihitaji. "Akilikataa yai kwako, liweke kwenye mto wa mtoto mchanga. Atahama."

Kambini kulikuwa na mtoto mchanga mmoja tu. Beatrisi alikuwa amejifungua tena, na siku ile ilikuwa ya ubatizo wake.

Usiniulize aliwaza nini njiani. Nimeambiwa aligeuka nyuma. Nimeambiwa alimtazama mwanawe, midomo ikizidi kuwa myeupe mikononi mwa Luka, kisha akageuka tena.

Jua lilikuwa linazama. Uani kwa Beatrisi watu walijaa, wanakula wali, wanaimba. Mwanamkasi alikuwa katikati, anacheza kuliko wenye ubatizo wao. Luka alikaa ukingoni, amempakata Ruthi ndani ya blanketi, akimwomba mwalimu wa dini amwombee. Benedikta alipita pembeni, yai ndani ya kanga, akaingia chumbani.

Mtoto alikuwa amelala kitandani. Mzuri. Ana nywele nyingi.

"Nisamehe," Benedikta alinong'ona. Akaingiza mkono chini ya mto.

Nje, kamba ilikatika.

Alisikia kwanza kucha zikikwaruza sakafu. Tulia aliingia mbio, kipande cha kamba kikiburutika shingoni, nyuma yake kundi la watoto wakipiga kelele, "Mbwa ameingia! Mbwa ameingia!" Nyuma ya watoto wakaja mama zao na miko mikononi. Nyuma ya mama zao, kila mtu. Tulia alichomeka pua chini ya mto, yai likapasuka. Ute na kiini vikamwagika mkononi mwa Benedikta mpaka kwenye kiwiko.

Miko ikabaki hewani.

"Ebo!" Mwanamkasi akasema. "Hilo si yai langu la leo asubuhi? Shoga, ndiyo kazi yake hii?"

Beatrisi aliwapenya watu akafika kitandani. Alitazama mkono ule chini ya mto wa mwanawe. Akanusa hewa. Harufu ile ya maziwa yaliyochacha aliifahamu, ilikuwa chumbani mwake alfajiri ile nyingine.

"Umemshusha nani hapa, Benedikta?"

Benedikta alifungua mdomo aseme uongo. Uongo ulikuwepo, tena mwingi. Lakini wakati uleule mgongo wake ulinyooka wenyewe, ukawa mwepesi kama wa msichana; mlezi ameshahamia kwenye mto ule. Na kutoka uani, Ruthi akaita kwa sauti nzima kabisa, "Baba, nataka wali!"

Watu wote wa kambi walikuwa wanamtazama usoni. Alijaribu kuukunja uso. Mbele ya Beatrisi, mkono ukiwa bado chini ya mto, alishindwa kuuzuia uso wake usifurahi.