Nguo ya Koito Shuleni

Sisi huamkia majani chai. Umande haujakauka, mimi na mjukuu wangu Nelvine tuko shambani tukichuma, huku Sosiot. Kisha yeye anaenda shule. Yuko kidato cha nne. Mama yake anafanya kazi Nakuru, kwa hivyo mtoto ni wangu. Akili ameitoa kwangu. Urefu ameutoa kwingine.

Jioni moja alirudi akitabasamu.

"Kogo," akaniambia. Kwetu kogo ni nyanya. "Nimechaguliwa kuzungumza siku ya wazazi, mbele ya wageni wote."

"Nilijua," nikasema, ingawa sikujua.

"Lakini siku hiyo sisi wa kidato cha nne hatuvai sare. Tunavaa nguo rasmi, kama watu wa ofisi. Diputi, yule naibu wa mwalimu mkuu, atatukagua Ijumaa. Asiyevaa vizuri hazungumzi. Nafasi yake inapewa mwingine."

"Hilo niachie mimi."

Nilikuwa na nguo moja ya heshima kwa sanduku. Niliivaa kwa koito ya binti yangu, siku ile wakwe walikuja kuposa na kupatana ng'ombe wa mahari. Ni ndefu, rangi ya dhahabu, inang'aa kama bati jipya. Nelvine alitaka kuvaa suruali ya kubana na raba nyeupe. Nikakataa.

"Mbele ya wageni mtu anavaa kama wa koito," nikamwambia. Nikaikaza kiunoni kwa pini. Nikamtia shanga shingoni.

Ijumaa asubuhi akapita kituo cha majani. Wanawake wakaacha kuchambua majani yao.

"Nelvine, leo ni koito ya nani?" mmoja akauliza.

"Si yake?" jirani yetu Beldina akajibu. "Na hata hawajatualika."

"Ng'ombe wamefika?"

Shuleni, diputi alimkagua vile karani wa kituo hukagua majani. Jani gumu linarudi nyumbani. Nelvine naye akarudi nyumbani.

"Diputi atanikagua tena Jumatatu," akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Nikikosea tena, Kiplimo wa darasa letu ndiye atazungumza. Na Kogo, njia nzima watu wananiuliza ng'ombe."

Nilicheka kidogo. Kisha nikaona machozi, nikaacha. Nikaenda kumwita Mama Phelix. Huyu ni jirani aliyetoka upande wa ziwa. Anafanya kazi ofisini, kwa kiwanda cha chai. Kila asubuhi anapita na sketi yake ya kawaida, na watu wazima wanamwita madamu.

"Mama Phelix, nguo yangu ina makosa gani?" nikamuuliza.

"Haina makosa, Kogo. Kwa sherehe ni nzuri sana. Lakini Nelvine anaenda kusikilizwa. Akivaa hii, wageni wataangalia nguo. Maneno yatapita."

Nelvine alikuwa ameshavaa ile suruali yake. "Basi hii je?" akauliza.

"Inama uokote hicho kikapu."

Nelvine akainama. Akasimama haraka, mkono nyuma akivuta suruali.

"Umejijibu," Mama Phelix akasema. "Nguo rasmi si lazima iwe mpya au ya bei. Iwe safi, imepigwa pasi, na ikutoshe. Blauzi iwe na mikono. Sketi ifunike magoti hata ukikaa. Suruali ya kitambaa pia ni sawa, bora isibane. Rangi iwe ya kutulia."

"Na viatu?"

"Vyeusi vya kufunika vidole. Hivyo vya shule vinatosha, ukipaka rangi."

"Na shanga zangu?" nikauliza.

"Shanga zikae nyumbani na mwenyewe, Kogo. Na kabla ya kutoka, Nelvine, kaa, inama, inua mkono. Ukijikuta unavuta nguo, badilisha."

Jumamosi tulienda sokoni, kwa mitumba. Tukapata blauzi nyeupe na sketi ya buluu iliyoiva. Sketi ilikuwa kubwa kiunoni, Mama Phelix akaishona kwa mkono. Nelvine akapiga pasi ya makaa. Akakaa, akainama, akainua mkono. Hakuvuta kitu.

Jumatatu diputi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Sawa," akasema. "Sasa nataka kusikia hayo maneno yako."

Siku ya wazazi, mlinzi wa lango alimwona Nelvine akitokea, akafungua lango lote. "Karibu madamu. Viti vya wageni viko mbele."

"Asante, lakini mimi ni mwanafunzi," Nelvine akasema.

Alizungumza juu ya mikono inayochuma majani alfajiri ili watoto wasome. Hakuangalia nguo yake hata mara moja. Beldina alifuta macho kwa leso. Hakuna aliyetaja ng'ombe. Mimi nilikaa wima mpaka mgongo ukauma, ili kila mtu aone huyo ni wa nani.

Na walinitambua upesi, kwa sababu ile nguo ya dhahabu niliivaa mimi, na shanga zake. Hata nilipofika langoni mlinzi alinitazama akauliza, "Kogo, umekuja koito?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kama una ng'ombe."